Asiransi iandike pikipiki vile iko

Wandugu wamotari wa Kasongo na Kabambare, wapatroni wa pikipiki, wamama wa soko, mafundi wanaofanya kazi chini ya miembe, na ninyi wakubwa mulio na kalamu na muhuri,

Leo tunaandika juu ya karatasi moja ndogo. Inakunjwa mara nne, inawekwa ndani ya nailo pamoja na karte roze na vinyeti, inalala chini ya kiti, na inatoka inje paka siku ya barieri. Hiyo karatasi ni asiransi, wengine wanaiita bima. Kila mwaka tunaitafutia makuta. Swali letu ni moja: siku ya ajali, inamulinda nani?

Wakati wa mvua iliyopita, mwenzetu mumoja alitoka Kasongo kuelekea Kabambare. Nyuma yake alibeba mama mumoja mwenye gunia ya mupunga. Pikipiki ilikuwa ya okazyo, yeye alikuwa mutu wa tatu kuiendesha. Mwenye kuiuza alikuwa amekwisha kubadilisha moteri, sababu ile ya kwanza ilikufa. Yeye mwenyewe aliongeza portbagaji ya ferabeto, akaweka amortisere nene za pikipiki ingine. Kwenye muteremuko mbele ya daraja ya miti, mahali fundi alikuwa ameunganisha chuma pakakatika. Gunia ikaenda upande, pikipiki ikafuata gunia, mama akavunjika muguu.

Asiransi ilikuwa hai, haijapitisha tarehe. Tukafurahi, tukasema: leo makuta yetu yatafanya kazi. Jibu la kampuni likakuja na mambo matatu. La kwanza: "Moteri ya kwenye karatasi haiko ile ya kwenye moto." La pili: mukataba ulikuwa wa matumizi ya mwenyewe, si wa kubeba abiria kwa kulipwa. La tatu: ile portbagaji hakuna mutu aliyeitangaza. Basi, hawalipi.

Motari akalala kwenye kasho. Patroni akazima simu. Famili ikauza pikipiki vile ilivyokuwa, imepinda, kwa bei ya huruma, halafu ikauza na mbuzi. Yule mama mupaka leo anatembea na fimbo, na soko alikuwa akiuzia amemuachia dada yake.

Tuseme kweli mbele ya watu wote: yale mambo matatu hayakuwa uongo. Moteri ilikuwa ingine. Kazi ilikuwa ya kubeba watu. Portbagaji haikuandikwa mahali popote. Lakini sisi tunauliza kitu kingine. Siku ile kampuni ilipokea makuta, nani alitoka inje kuangalia pikipiki? Nani aliinama kusoma namba ya moteri? Nani alimuuliza motari, kwa luga anayoisikia, "Unafanya nayo kazi gani?" Hakuna. Siku ya kupokea, macho yalifungwa. Siku ya kulipa, macho yaliona mupaka bulo ya mwisho.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Na dawa yake si kuacha asiransi. Dawa ni asiransi iandike pikipiki vile iko, si vile ilitoka kwenye kartoni.

Kwa nini tunaongeza vyuma

Kuna watu wa mbali wanafikiri kijana anabadilisha pikipiki juu ya kujionyesha. Waje wapande nasi. Mutu anayetoka Kasongo mupaka Kindu anapita zaidi ya kilometa 200 za udongo. Anayeenda Kabambare, ao Salamabila kwenye machimbo ya zahabu, anajua matope ya kufika kwenye magoti, madaraja ya magogo, na mito kama Luama inayojaa wakati wa mvua. Gari likikwama, ni sisi tunapeleka dawa, chumvi, sabuni na daftari za shule. Kurudi tunaleta mupunga, karanga na mafuta ya mawese. Na wagonjwa pia, na wamama wanaokaribia kuzaa.

Hizi pikipiki zetu ndogo zilitengenezwa kwa watu wawili na muzigo kidogo. Fanya hesabu. Bido sita za mafuta ya mawese, kila moja litre 20, ni litre 120. Uzito wake ni karibu kilo 110, bila kuhesabu motari na bido zenyewe. Ni kama kubeba watu wawili wazima nyuma, wasioshuka kwenye mulima. Njo maana fundi anaongeza portbagaji, anakaza amortisere, anaweka pine za matope na vyuma vya kulinda miguu. Moteri ikikufa, hakuna anayetafuta mupya wa jina lile lile. Anachukua ile inapatikana, hata kama nguvu yake si sawa.

Kwa hiyo pikipiki ya okazyo hapa kwetu ni kama nyumba ya zamani: shasi ya mwaka mumoja, moteri ya mwaka mwengine, taa za soko, kiti ya fundi. Hiyo si aibu. Aibu ni kuifichia mutu anayekuuzia ulinzi, na yeye naye kujifanya haoni.

Sheria inasema nini

Asiransi ya vyombo vya moteri si ombi la polisi. Ni sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 iliyoifanya kuwa lazima kwa mwenye chombo kulipa asiransi ya hasara anayoweza kuletea watu wengine. Kwa miaka mingi SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake kwenye soko. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mulango, na kuanzia mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zikapata ruhusa ya kufanya kazi. Mwenye kutoa ruhusa na kuchunga kampuni zote ni ARCA, kule Kinshasa.

Wengi wetu hatujui jambo hili: asiransi ya lazima inalipa mutu uliyemuumiza ao kitu chake ulichoharibu. Haitengenezi pikipiki yako. Hailipi muguu wako wewe motari. Ukitaka pikipiki yenyewe ilindwe juu ya wizi ao moto, ni mukataba mwengine. Ukitaka mwili wako ulindwe, ni mukataba mwengine tena. Motari anayesema "niko na asiransi, sina woga" na ana ile ya lazima tu, amuulize anayemuuzia mara mbili.

Na usipokuwa na asiransi, ao ikikataa, deni halikufi. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kilichoanza mwaka 1888, kinasema kwenye artikle 258 kwamba anayemuletea mwengine hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Artikle 260 inaongeza kwamba mutu anajibu pia juu ya hasara inayoletwa na wale anaowatuma kazi na vitu anavyovichunga. Wapatroni, mutege masikio: ile vershema munapokea kila jioni inakuja pamoja na muzigo. Kuzima simu hakufuti artikle 260.

Basi piesi za kuongeza zinaingia wapi? Asiransi ni mapatano. Kampuni inapima hatari: chombo gani, nguvu gani, kazi gani, nani anaendesha. Kufuatana na hayo inapanga bei. Ukibadilisha moteri, unaweza kuwa umebadilisha nguvu. Ukiweka portbagaji ndefu, umebadilisha uzito na namna pikipiki inavyosimama ukikamata freni. Ukitoka kwenye matumizi ya nyumbani ukaingia kwenye kubeba abiria, umebadilisha kazi yenyewe. Kampuni isipoambiwa, inapata mulango wa kutokea siku ya ajali. Sisi tunataka tuufunge ule mulango kabla ya ajali, kwa kuandika.

Wanaotupinga

Tumezunguka kwenye parkingi tukizungumuza jambo hili, na tumesikia maneno matatu.

Wa kwanza wanasema: "Asiransi ni wizi, hakuna aliyelipwa, tunalipa juu ya barieri tu." Tunaelewa hasira yao. Lakini mutu anayelipa juu ya barieri ameisha kukubali kwamba ni ushuru, na ushuru haurudishi kitu. Tukikubali hivyo, kampuni nazo zitakubali kwa furaha. Sisi tunalipa juu ya yule mama wa mupunga. Tukisahau hilo, tumesahau kila kitu.

Wa pili wanasema: "Nikitangaza piesi zote, wataongeza bei ao watakataa." Inaweza kutokea. Lakini bei ya chini kwa karatasi isiyolipa si bei ya chini, ni makuta ya bure. Na kampuni ikikataa, afazali ukatae kwako kwa macho wazi leo kuliko kesho ukiwa kasho. Ukikataliwa ya kwanza, unauliza ya pili. Siku hizi SONAS haiko peke yake tena.

Wa tatu wanasema: "Tuko na kirimba yetu, inatosha." Kirimba ni nzuri, tunaiheshimu. Imezika wenzetu, imelipa hospitali usiku wakati hakuna aliyefungua mulango. Lakini kirimba inachanga kwa ajili ya motari. Yule abiria aliyevunjika muguu, ao muzee aliyegongwa na kinga yake, hayuko ndani ya kirimba. Na hasara kubwa ya mwaka muzima haiwezi kutoka kwenye mifuko ya watu 20 wanaokula kwa siku. Tushike vyote viwili.

Na sisi wenyewe tujisemeshe

Kutangaza piesi si kuosha kila kitu. Kuna vyuma ambavyo hakuna asiransi inapaswa kuvikubali, na hata sisi hatupaswi. Portbagaji inayopita urefu wa pikipiki yenyewe, mupaka gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mulima na usukani haushiki, hiyo ni mutego. Kutoa vioo juu ya mutindo, hiyo ni upofu. Taa kali za kuwekea mbele zinazomupofusha anayekuja, hizo ni kumutupa mwenzako kwenye shimo. Freni ya nyuma iliyofungwa na kamba ya raba, hiyo tusiizungumuze hata. Fundi mwenye heshima akatae kazi ya namna ile, na motari mwenye heshima asimulazimishe.

Kwa hiyo, kabla ya kumunyooshea mwengine kidole, tunaomba kila motari na kila patroni afanye haya:

Kwanza, kabla ya kununua okazyo, inama usome namba ya shasi na namba ya moteri, uzilinganishe na karte roze. Zikipishana, muuzaji aandike na atie mukono kwamba moteri ilibadilishwa, lini, na ilitoka wapi. Moteri bila historia inaweza kuwa ya wizi, na hapo asiransi si tatizo lako la kwanza tena.

Pili, usiendeshe kwa jina la mutu aliyeuza zamani. Fanya mutasyo. Na uliza kampuni kwa kuandika: ule mukataba wa muuzaji unafuata pikipiki, ao unasimama siku ya kuuzwa?

Tatu, kila kazi kubwa ya fundi iwe na karatasi: piesi gani, tarehe gani, namba ya shasi, jina na sahihi ya fundi. Piga foto na simu yako, mbele, nyuma na pembeni. Foto hailipi kitu, lakini inafunga midomo mingi.

Ine, sema kazi yako ya kweli. Kama unabeba watu, useme unabeba watu. Kama unabeba bido, useme unabeba bido. Usikubali mwenye kuuza asiransi akuandikie "matumizi ya mwenyewe" juu ya kukusaidia na bei. Hakusaidii.

Tano, kama umechukua mukataba wa kulinda pikipiki yenyewe, hakikisha bei ya piesi ulizoongeza imeandikwa ndani. Bila hivyo, siku ya wizi utahesabiwa pikipiki kuukuu, na yale uliyoongeza utakuwa umeyapoteza mara mbili.

Tunachodai

Kwa kampuni zote zinazouza asiransi hapa kwetu, ya Leta na za watu binafsi: anayeuza karatasi Kasongo ao Kabambare atoke inje aione pikipiki kabla ya kupokea makuta. Fomu iwe na nafasi ya kuandika piesi zilizobadilishwa, na iandikwe kwa Kiswahili, ao isomwe kwa Kiswahili mbele ya motari kabla hajatia mukono. Hatuwezi kuambiwa "hukutangaza" juu ya swali ambalo hatukuulizwa. Kopi moja ibaki na motari. Na ajali ipokelewe hapa hapa, si lazima mutu mwenye muguu uliovunjika asafiri mupaka Kindu kutangaza kwamba amevunjika. Kampuni ikikataa kulipa, ikatae kwa barua yenye sababu na tarehe.

Kwa ajili ya aliyeumizwa, tunasimama wazi: kosa la karatasi kati ya motari na kampuni lisimuangukie abiria. Yeye hakuandika fomu, hakubadilisha moteri. Alipwe yeye kwanza, halafu kampuni imufuate patroni ao motari aliyedanganya. Asiransi iliwekwa lazima juu ya yule aliye inje ya mukataba. Ikimuacha yeye, imeacha kazi yake.

Kwa ARCA: watu wa Maniema wajue ni kampuni gani ziko na ruhusa, na mahali pa kupeleka lalamiko. Tangazo libandikwe kwenye biro za teritware zote 7 za jimbo letu na lisomwe kwenye redio za hapa. Mutu wa Kabambare hatapanda ndege kwenda Kinshasa juu ya muguu wa mama.

Kwa wenye kusimama kwenye barieri: asiransi inakaguliwa kwa kuisoma, si kwa kuuliza "iko wapi?" na kunyoosha mukono. Makuta yoyote yanayotoka yawe na kitansi. Na ukiona pikipiki bila freni, hiyo njo hatari ya kusimamisha, hata kama karatasi ni nzuri.

Kwa wapatroni: lipeni asiransi ya kazi ya kweli, na muonyeshe motari karatasi hiyo kabla ya kumupa funguo. Motari asibebe peke yake hatari ya chuma ambacho si chake.

Na sisi vijana tunafanya nini? Tutapita kwenye parkingi, na madaftari yetu, bila kudai hata franka moja. Tutasaidia kila motari anayetaka kuandika orodha ya piesi zake na namba zake mbili, kopi tatu: moja yake, moja ya patroni, moja ya kuipeleka kwa anayemuuzia asiransi, ambaye atatia mukono kwamba ameipokea. Akikataa kutia mukono, tutaandika tarehe na saa, na mashahidi wawili.

Ni kazi ndogo, ya kalamu tu. Lakini kama ule mwenzetu angekuwa na karatasi ya namna hiyo, lile jibu la mambo matatu lisingekuwa na mahali pa kusimama. Moteri ingekuwa imeandikwa. Abiria wangekuwa wameandikwa. Portbagaji ingekuwa imeandikwa, ao mutu angemuambia mapema: "Ndugu, hii chuma itakatika."

Mama wa mupunga angali anatungojea. Tuanze na pikipiki tuliyonayo, vile iko.

Sisi vijana wanainchi wa Kasongo na Kabambare